Kabla ya kumwaga kokoto uani, angalia nani anapita

UKISHUKA kwenye daladala Ilomba mwezi Oktoba, kitu cha kwanza kinachokupokea ni vumbi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hapo, malori ya Tunduma yanapishana na bajaji, na kila gari linaloingia mitaani linaacha wingu nyuma yake. Upande wa kaskazini safu ya milima ya Mbeya imekauka, na kilele cha Loleza kinaonekana kwa shida katikati ya moshi wa mashamba yanayochomwa.

Rudi mahali hapo hapo mwezi Januari. Milima ni ya kijani, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, na vumbi lote lile limegeuka tope. Watoto wa shule wanatembea wameshika viatu mkononi, na mlangoni mwa kila nyumba kuna jiwe au kipande cha chuma cha kukwangulia matope.

Ilomba ni kata ya Jiji la Mbeya, kati ya Mwanjelwa na Uyole, katika mji ulioko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, miaka mingine hadi Mei. Baada ya hapo ni baridi ya Juni na Julai, kisha upepo na vumbi mpaka mvua nyingine.

Kwa hiyo familia nyingi huishi nusu mwaka kwenye tope na nusu mwaka kwenye vumbi, na njia inayotoka getini kwenda mlangoni, kisha jikoni, bombani na chooni, hubeba yote mawili kuyaingiza ndani. Ndiyo maana ukipita mitaani kabla ya mvua utaona malundo ya kokoto mbele ya nyumba, yakisubiri kumwagwa uani.

Swali ni moja: kokoto gani, na kwa ajili ya nani?

Swali la bibi

Katika ua mmoja usio mbali na barabara kuu, rundo la kokoto limebaki tangu fundi alipomaliza kumwaga zege la baraza. Mama mwenye nyumba alitaka zote zimwagwe kuanzia getini hadi chooni kabla mvua hazijaanza.

Nyumba hiyo ina watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miezi kumi na ndiyo kwanza anatambaa. Yumo pia mama mkwe wake, bibi wa watoto hao, anayetembea kwa mkongojo.

Mwezi Machi uliopita bibi aliteleza alfajiri akienda chooni. Alijikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Alifungwa hogo, na kwa wiki sita alihitaji mtu wa kumvalisha, kumwogesha na kumkatia chakula. Mkwewe, ambaye ana genge la mboga, alifungua kwa kuchelewa siku zote hizo. Tangu hapo, njia ya uani katika nyumba hiyo si suala la mapambo.

Ni bibi aliyeuliza jambo ambalo fundi hakuliuliza: mkongojo wake utasimama wapi juu ya mawe yanayotembea?

Uwanja unaofagiliwa kila asubuhi

Familia nyingi za Mbeya zimelelewa kwenye uwanja mtupu wa udongo unaofagiliwa kila alfajiri kwa ufagio wa miti. Uwanja mtupu una faida zake. Nyoka anaonekana, mabaki ya chakula hayajifichi, kinyesi cha kuku kinaondolewa mapema, na mtoto anayetambaa anaonekana alipo.

Lakini kila ufagio unaopita huondoa udongo kidogo. Baada ya miaka kumi mizizi ya mwembe au mparachichi iko nje, msingi wa nyumba unaonekana, na uwanja umekuwa chini kuliko barabara ya mtaa. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani yanaingia uani badala ya kutoka.

Vumbi nalo lina gharama. Mtoto mwenye pumu huweza kubanwa kifua baada ya kufagia kukavu, ndiyo maana wazazi hushauriwa kunyunyiza maji kwanza. Udongo mkavu wenye vumbi ndio pia makazi ya funza, kidudu kinachoingia kwenye vidole na visigino vya mtu anayetembea peku. Udongo wenye unyevu na kivuli, ukichafuliwa na kinyesi cha binadamu, huhifadhi mabuu ya minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya mguu na baadaye kumnyonya mtu damu hadi akapungukiwa.

Kokoto haiui funza wala haitibu safura. Choo kinachotumiwa vizuri, viatu na dawa za minyoo zinazotolewa kwa watoto ndivyo kinga ya kwanza. Ila njia kavu na ngumu inampa mtoto sababu chache za kukanyaga tope karibu na choo, na inampa mjamzito na mzee mahali pa kuweka mguu bila kuteleza.

Si kila jiwe dogo ni sawa

Kusini mashariki mwa jiji, Mlima Rungwe ni volkano ambayo ililipuka kwa nguvu takriban miaka 4,000 iliyopita na kumwaga jivu na mawe mepesi yenye matundu katika eneo kubwa. Udongo wa jivu la volkano unakubali viazi na mahindi, lakini ukikauka na kukanyagwa hugeuka unga laini. Mawe hayo mepesi nayo yanavutia kwa sababu ni rahisi kubeba, ila yakikanyagwa kila siku husagika, na njia hurudi kuwa vumbi.

Changarawe ya mtoni ni ya mviringo na laini. Inapendeza machoni, na mtoto akiangukia juu yake hachubuki sana. Lakini mawe ya mviringo hayashikani. Ukikanyaga moja, linasukuma lenzake, na mguu unayumba. Kwa mtu mwenye mkongojo au mama aliyebeba ndoo kichwani, hiyo si njia nzuri.

Kokoto iliyovunjwa ina pembe, na pembe hizo hushikana. Mfano mzuri uko upande wa pili wa jiji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilometa 1,860, imelazwa juu ya mawe yaliyovunjwa. Mawe ya mviringo yangesogea kila treni inapopita. Yale yenye pembe hubanana na kubaki mahali pake, huku maji yakipita katikati.

Moramu ni udongo mwekundu wenye mawe madogo. Ukimwagiwa maji na kushindiliwa huwa mgumu, na mkongojo unasimama vizuri. Ila moramu yenye udongo mwingi wa mfinyanzi huteleza ikinyesha na kutoa vumbi kiangazi. Ipime hivi: lowesha konzi moja, ifinyange. Ikikaa kama donge la ugali na kunata vidoleni, ina mfinyanzi mwingi. Itafute nyingine yenye mawe zaidi.

Vumbi la mawe, yaani chenga zinazobaki baada ya kuvunja kokoto, hujaza nafasi kati ya mawe. Likichanganywa na kokoto ndogo, likaloweshwa na kushindiliwa, linatoa njia ngumu ambayo hata baiskeli ya mtoto inapita.

Mguu mdogo, mdomo mdogo

Kokoto nyingi zinazobaki baada ya ujenzi ni zile kubwa za zege, zinazoitwa robo tatu, yaani robo tatu ya inchi. Kwa njia ya miguu hizo ni kubwa mno. Zinachoma mguu mwenye ndala nyembamba, zinapindua kifundo cha mguu, na kigari cha mtoto hakipiti. Kiti cha magurudumu ndiyo kabisa.

Kokoto inayofaa njia ya nyumbani ni ya ukubwa wa punje ya hindi. Inatulia chini ya mguu na haichomi sana.

Hapo ndipo mzazi mwenye mtoto mchanga anapaswa kusimama kidogo. Ukubwa huo unaofaa mguu wa mtu mzima ndio huo huo unaoingia kwenye koo la mtoto. Watoto walio chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni, na jiwe dogo linaweza kuziba njia ya hewa.

Mtoto anayetambaa asiachwe peke yake kwenye kokoto, hata kwa dakika ya kwenda kuzima jiko. Sehemu yake iwe baraza la zege au mkeka, na kati ya baraza na njia ya kokoto pawe na ukingo au kizuizi. Kila jioni kokoto zilizorukia barazani zifagiliwe.

Ikitokea mtoto amepaliwa lakini bado anakohoa kwa sauti, mwache akohoe huku ukiwa karibu naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, piga kelele za msaada na uanze mara moja. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja. Jiwe lisipotoka mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili. Rudia huku mkielekea hospitali.

Mtoto aliyezidi mwaka mmoja apigwe mgongoni mara tano, kisha umshike kwa nyuma na kumbana tumboni juu ya kitovu, ukivuta ndani na kwenda juu, mara tano. Usiingize kidole mdomoni kutafuta jiwe usiloliona, kwa sababu unaweza kulisukuma ndani zaidi.

Jiwe likiingia puani au sikioni, usilichokonoe kwa pini wala njiti. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

Anza na maji

Mafundi wengi huanza na kokoto. Njia inayodumu huanza na maji.

Kabla ya kununua chochote, mwaga ndoo nzima ya maji mlangoni na uangalie yanakokwenda. Yakirudi kwenye ukuta au kutuama katikati ya uwanja, kokoto itaficha tu dimbwi, na mbu hawatakosa pa kutagia mayai. Chonga mteremko wa kama sentimita mbili kwa kila mita moja, ukiyapeleka maji kwenye mtaro au bustani, si kwa jirani.

Njia ya mita kumi yenye upana wa mita moja ichimbwe kina cha sentimita 15 hivi. Sentimita kumi za chini ni moramu nzuri au mawe yaliyovunjwa, takriban ndoo 50 za lita 20. Shindilia ikiwa na unyevu, tabaka kwa tabaka, mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake weka kokoto ndogo kina cha sentimita tatu hadi tano, yaani ndoo 15 hadi 25. Ongeza ndoo chache kwa sababu vitu hupungua vikishindiliwa.

Usivuke kina hicho ukidhani nyingi ndiyo imara. Ukiweka kokoto nene mguu unazama, na kutembea kunakuwa kama kwenye mchanga wa Matema.

Kando pangwe matofali ya kuchoma au mawe, yakizikwa nusu. Bila kingo, kokoto itahamia bustanini kabla ya msimu kuisha. Udongo wa chini ukiwa laini, viroba vya kusukwa vinaweza kutandazwa ili mawe yasizame. Turubai la plastiki lisitumike, kwa kuwa huzuia maji kushuka na kugeuza njia kuwa bwawa dogo.

Sehemu nyingine inayofaidi kokoto ni chini ya ukingo wa bati, maji ya mvua yanapodondokea. Hapo mawe huzuia tope kurukia ukuta, na msingi hauchimbiki.

Usafi nao ubadilike. Ufagio wa miti hauwezi kokoto. Majani yaokotwe au yavutwe kwa reki, kuku wazuiwe, na maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe njiani, maana mabaki yakiingia kati ya mawe huvuta nzi na panya.

Kokoto hizo zimetoka wapi?

Lipo jambo ambalo rundo la kokoto getini halisemi. Sehemu ya kokoto zinazouzwa kwa ndoo huvunjwa kwa nyundo, jiwe moja baada ya jingine, na watu wanaokaa juani siku nzima, wakiwamo akina mama waliobeba watoto.

Vumbi la mawe, hasa yale yenye madini ya kwatzi, lina silika. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na huko huacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na aliyeupata yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Kulowesha mawe kabla ya kuyavunja, kukaa upande unakotoka upepo na kuvaa barakoa maalumu ya vumbi hupunguza hatari. Vipande vinavyoruka navyo huumiza macho.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na inayataja machimbo ya madini na mawe miongoni mwa kazi hatarishi asizotakiwa kufanyishwa. Hata hivyo, siku za likizo si ajabu kumwona mtoto amekaa na nyundo kando ya mama yake.

Kwa mnunuzi hapo pana mtihani. Ukiacha kununua, unamnyima mama huyo fedha ya unga na daftari. Ukinunua kimya kimya, umemlipa mtoto kwa kuvuta vumbi. Mahali pa katikati ni padogo lakini papo. Nunua kwa mtu mzima, lipa bei ya ndoo iliyojaa bila kushindilia kwa mguu ili ziingie zaidi, uliza kuhusu maji ya kulowesha, na useme wazi kwamba hutachukua zilizovunjwa na mtoto. Ukiona mtoto anafanyishwa kazi hiyo siku za shule, ofisi ya mtaa na ofisa ustawi wa jamii ndio wa kuambiwa, na lengo liwe familia isaidiwe.

Nyumbani pia, anayemwaga kokoto au vumbi la mawe alinyunyizie maji kwanza, na watoto wakae mbali hadi kazi iishe.

Njia tatu katika ua mmoja

Katika ule ua karibu na barabara kuu, swali la bibi lilibadilisha mpango. Badala ya kumwaga kokoto kila mahali, familia iligawa ua kwa kuangalia nani anapita wapi na saa ngapi.

Njia ya chooni, ambayo bibi huitumia gizani, ilipewa zege. Ni ukanda mwembamba tu, uliokwanguliwa kwa ufagio kabla haujakauka ili usiteleze, ukiwa na bomba la chuma la kushikilia penye kona. Kokoto za robo tatu zilizobaki ndizo zilizoingia kwenye zege hilo, na nyingine zikawekwa chini ya ukingo wa bati.

Njia ya getini, ambako hupita miguu mingi na pikipiki ya baba, iliwekewa moramu iliyoshindiliwa na kokoto ndogo juu, na matofali kando. Sehemu ya mbele ya baraza iliachwa udongo mtupu, ifagiliwe na kunyunyizwa maji kama zamani, kwa sababu hapo ndipo mtoto wa miezi kumi atajifunza kutembea.

Kokoto ndogo zilizoongezwa zilikuwa chache kuliko ilivyotarajiwa, na fedha iliyobaki ilinunua viatu vya mvua vya mtoto wa darasa la tatu.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku. Alfajiri bibi alitoka na mkongojo wake, akaugonga kwenye zege mara mbili, kisha akaenda. Getini maji yalikuwa yamefuata mteremko hadi mtaroni. Mbele ya baraza kulikuwa na tope kidogo, na mkwewe alikuwa tayari ameweka mkeka ndani.

Mzazi mwenye rundo la kokoto anaweza kuanza hivyo hivyo, kabla ya kumwita fundi. Asimame mlangoni asubuhi na kuhesabu nani anapita: mjamzito, mzee, mwenye ndoo kichwani, anayetambaa. Aangalie maji yanakoelekea. Akishajua hayo, ndipo achague jiwe.